Kima na Shairi la Kanga

Kima alikuwa na kichwa chepesi cha kukariri na mkono mwepesi wa kuchukua. Siku alipomsikia Kanga akighani shairi lake jipya kichakani, alilibeba lote kichwani, akawahi nalo kwenye shindano mbele ya mwamuzi, Mzee Kiboko.

Ubeti wa mwisho, kama ilivyo ada ya malenga, ulitaja jina la mtunzi. Hilo halikumsumbua. Alihesabu mizani kwa vidole, akaona jina lake linaenea palepale pa Kanga, akapaza sauti:

"Shairi nimelifunga,
Kwa vina nimelipanga,
Aliyetunga ni Kima!"

Wanyama waliokuwa wakitikisa vichwa kwa raha wakaacha ghafla, kama waliouma jiwe kwenye wali.

"Kina cha 'nga' kimekwenda wapi?" Kiboko akauliza. "Hapo jina la nani lingekaa sawa?"

Macho yote yakamgeukia Kanga.

"Ah, mzee wangu," Kima akacheka, jasho likimtoka, "mimi nyumbani huitwa Kanga!"

"Kumbe!" Kiboko akasema, akimsogezea majani makavu. "Haya, Kanga, kaa hapo utage."