Kidole cha Maroa

Maroa alipomwona nyanya Kemuma akija upande wa bucha yake, alijibanza nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia. Alikwisha kujificha ndipo akakumbuka kwamba nyanya haoni. Nyasuguta, mjukuu aliyekuwa akimwongoza, alimwona vizuri sana, akacheka, wakapita.

Maroa hakuwa na hamu ya kucheka. Alimpenda Nyasuguta mpaka akawa anawazidishia wateja nyama bila kujua, na katika nyumba ile binti haolewi nyanya asipokubali. Tena hakuwa peke yake. Mwalimu Omosa wa Kendu Bay, kijana wa mikono laini, naye alikuwa amepeleka posa.

Posa ya Maroa ilikuwa imepelekwa na mjomba wake, Japheth. Mjomba ndiye aliyesema yote. Mposaji hafungui kinywa mbele ya wakwe. Nyanya alimshika Maroa mkono wa kulia, akafika kwenye kidole gumba, penye chunjua kubwa, kavu, iliyomkaa miaka. Akaipapasa, akarudia. Kisha akasema atatoa jibu akiwa tayari. Maroa alirudi nyumbani akijua yamekwisha.

Majirani walisema amerogwa. Daktari Helen, aliyekuwa akizunguka Migori na Homa Bay akichunguza magonjwa ya ngozi, alikata kipande kidogo cha chunjua, akakipeleka kupimwa, akamwambia ni kifua kikuu cha ngozi.

"Lakini mimi sikohoi, daktari."

"Si lazima ukohoe. Ng'ombe akiwa mgonjwa na kisu kikakuteleza, vidudu vinaingia hapo hapo. Wenye bucha ninawaona wengi. Wewe meza dawa tu, usiruke siku."

Alidungwa sindano mpaka kukaa kwenye kiti kukawa kazi. Alimeza vidonge bila kukosa, na muda wote huo, kwa aibu, hakukanyaga kwa kina Nyasuguta. Polepole chunjua ikasinyaa, ikabanduka, kidole kikabaki safi kama cha karani. Siku hiyo Maroa aligawa maini bure, na furaha yake ilienea soko zima.

Hatimaye nyanya akatuma neno kwa waposaji wote wawili kwamba jibu liko tayari. Maroa alivaa koti, akajipaka mafuta mikononi, akaenda na mjomba wake. Walipoingia, kabla Japheth hajasalimu, Maroa alipiga goti mbele ya nyanya akanyoosha mkono kwa fahari.

Nyanya aliushika, akapapasa kidole gumba, akaurudisha taratibu.

"Mwalimu, usipoteze nauli yako tena," alisema kwa upole. "Mjukuu wangu nimeshampa yule wa kidole kigumu."