Ulimi Juu

"Ulimi uko wapi?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

Fundi wa kuchomelea aliinua kidevu tu. Ulimi wote ulikuwa umebanwa kwenye kaakaa, midomo imefungwa, kama alivyofundisha jamaa mmoja wa video za kwenye simu mwenye taya kama tofali. Shinda hivyo kutwa, jamaa aliahidi, na uso utachongoka wenyewe.

Mwanzoni mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Unakwenda ng'ambo kupakua mizigo au kutafuta mke mwingine?" Siku hizi hakucheka tena. Karakana ilikuwa imefungwa, na kilichobaki ni hiyo safari. Ikishindikana, nyumba nzima imekwisha, na wote walilijua hilo.

Basi fundi akaacha wali, akaacha soga, akawa analala amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Mama yake alipomwona hivyo mara ya kwanza, aligeukia ukutani. Ndivyo walivyomfunga mwanawe mkubwa, kaka yake fundi, siku ya mazishi.

Lakini hakimu alikuwa mama huyo huyo. Kila asubuhi alimkalisha kwenye mwanga wa dirisha, akampapasa mashavu.

"Bado, mwanangu. Hapa bado kidogo."

Asubuhi moja alimtazama, machozi yakamtoka. Fundi akajua taya limekubali.

Siku ya safari alivaa koti la marehemu. Kwenye foleni ya uwanja wa ndege jasho lilimtiririka mgongoni, ulimi juu. Nyuma ya kioo alikaa ofisa, mama wa makamo mwenye miwani.

"Jina?"

Fundi aliubandua ulimi, akataja jina la kaka yake.

Ofisa aliitazama picha kwenye pasipoti, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. Paji la uso, mashavu, taya. Fundi aliurudisha ulimi kwenye kaakaa.

"Hujabadilika hata kidogo, kaka," ofisa alisema, akatabasamu. "Wengine wanakuja hapa siwatambui kabisa."

Fundi akashusha pumzi. Tangu wazike, hakuwa amepumua hivyo.

"Haya," ofisa alisema, akimsogezea kimashine chenye taa ya kijani. "Weka kidole hapa."