Koti la Marehemu

Glenys, mwenzangu dukani, aliliuza koti la marehemu mume wangu. Nilikuwa nimelivaa; nilipofika kazini nililivua, nikalitundika kwa kusahau kwenye nguo za kuuzwa. Duka letu huuza mitumba ili wanaotafiti maradhi ya moyo wapate fedha, na moyo ndio uliomuua mume wangu.

"Shoga, mtumba ni mtumba," Glenys alijitetea.

Mnunuzi akarudi amelivaa, limemkaa sawasawa.

"Mama, hii ilikuwa mfukoni."

Alinipa kichupa cha dawa ya moyo, ile ya kupuliza chini ya ulimi. Mume wangu aliniapia kwamba aliipuliza kila kifua kilipombana.

Nilikigeuza. Utepe wa kizibo ulikuwa haujakatwa.

"Na koti nikurudishie?" yule bwana aliuliza; Glenys alikuwa ameshamwambia lilikuwa la nani.

"Kaa nalo," nilisema. "Kesho njoo uchukue na viatu vyake."