Gunia la Paka

"Funga hilo gunia," mume wa Jebet alisema. "Huyu paka tunamwacha kwenye vibanda vya Kikopey. Mifupa ya nyama choma hatakosa."

Jebet alishika kamba lakini hakufunga. Manyoya yalikuwa yamemtoka paka masikioni na mgongoni, yakaacha mabaka ya mviringo kama alama za kikombe cha chai mezani. Amemwosha, amempaka dawa, amemtenga, na bado mume ana wimbo uleule: paka huyu atatuua.

"Daktari wa mifugo alisema ni mapunye tu. Yanatibika. Alisema tumtafute aliyemwambukiza. Sasa paka asiyetoka nje ameyatoa wapi?"

"Paka ni paka! Yaani hata kufunga gunia ni lazima tubishane?"

Akampokonya kamba, akainama kufunga mwenyewe. Kofia yake ya marvin ikamtoka kichwani, ikaangukia gunia. Ni ile ya sufi asiyoivua hata mezani. Huivua usiku tu akilala, na paka huilalia mpaka asubuhi.

Jebet aliukodolea macho utosi wa mumewe. Baka la mviringo, kavu, lenye magamba, pana kuliko yote ya paka. Kando yake, jingine.

"Hii ilianza lini?"

Mumewe alijifunika kwa kiganja. "Ni mashine ya kunyolea ya yule kinyozi wa hapa mtaani Rhonda. Nilijua itaisha yenyewe."

Jebet alilipindua gunia, paka akachomoka mbio hadi chini ya kiti. Kisha akalipanua mdomo mbele ya mumewe.

"Ingia."