Neno Lililokuwa Hai

Umeme ulikatika. Gizani vibao vya herufi viligongana mfukoni, wifi yangu akivitikisa. Niliwasha mshumaa, nikamwona binti yangu amemwegemea shangazi yake, kama kila jioni tunapocheza mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza. Nikaona wivu.

"Zamu yako, wifi. Au Kiingereza cha masomo yako ya jioni bado hakijaiva?" wifi akanitania.

Nikapanga: QUICK.

"Haraka," akacheka. "Hilo nani halijui?"

"Zamani lilimaanisha 'hai'. Mtoto akianza kucheza tumboni, Waingereza walilitumia neno hilo." Nikamgeukia binti yangu. "Wewe ulianza nikiwa nafua. Nilikaa chini na povu mikononi, nikacheka peke yangu."

Akanitazama tumboni, kisha akainuka.

"Shangazi, leo nakaa na mama."