Uzi wa Rangi Tatu

Kila asubuhi ya mwaka mpya, kabla ya chai, fundi cherehani alipima viuno vya familia nzima na kuandika namba kwa chaki nyuma ya mlango. Aliyenenepa kuliko wote aliosha vyombo wiki nzima.

Mwaka huu mkewe alimnyang'anya futi shingoni.

"Leo tunaanza na wewe, Baba Kitambi. Na kuanzia leo chai haina sukari, na kila alfajiri tunatembea."

"Haya mama, mwanafunzi wako niko tayari."

Alimzungushia futi. Mwaka jana, inchi arubaini. Sasa, thelathini na nne.

"Baba katuacha mbali!" watoto walishangilia. "Na hata hatujaanza!"

Hata hatujaanza. Kicheko kilimkauka mama mtu. Alikunja kiuno cha suruali ya mumewe kwa nyuma, akatazama ndani. Ilikuwa imepunguzwa mara tatu: kwa uzi mweusi, kisha wa buluu, kisha wa kahawia. Fundi ambaye hata kiraka cha mteja hukitafutia uzi wa rangi yake, hii aliishona harakaharaka, kwa kujificha.

"Tangu lini?" alimnong'oneza.

"Joto tu hilo, mama watoto."

"Mficha maradhi..." alianza, akaona watoto wametega masikio, akayameza yaliyobaki.

Alimrudishia futi shingoni, taratibu.

"Wanangu, kunyweni chai," alisema. "Tieni sukari. Mimi na baba yenu tunaanza matembezi sasa hivi."

Mumewe hakuuliza wanaelekea wapi. Aliinama kutafuta viatu.