Kombora Lililoyumba

Injinia Siwatu hakuwa na mume, cheo, wala mjomba jeshini. Alikuwa na kipimo cha leza tu, nacho kilionyesha kwamba kombora la majaribio liliyumba angani.

“Lakini limepiga shabaha,” alisema Meja Chitete. “Andika limekwenda sawa. Siku ya sherehe ya taifa jingine kama hilo litapita juu ya soko.”

“Limepiga kwa bahati, Afande. Mlevi naye hufika kwake, ila si kila siku.”

“Binti, kazi umeichoka?”

Jioni, akiwa peke yake, Siwatu alizunguka chumba, akaketi, akainuka tena. Kisha akamwandikia Mkuu wa Majeshi kila alichokiona, akatia sahihi. Alilamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza katika sanduku la posta. Vidole vyake vikabaki kwenye mdomo wa sanduku.